Iliki Hutiwa Mwisho

Saa kumi na mbili, jua halijagusa bati la jirani,
kidonge cha kwanza kwa maji matupu.
Si chai. Si mkate wa ajemi. Maji.
Nimeandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko:
kumi na mbili, nne, nane, kumi na mbili tena,
na kila aufungaye mlango ule anatusoma.

Faki Shaame alipika halua Wete miaka thelathini na mmoja.
Mkono wake na mwiko havikuwa vikiulizana.
Kisha siku moja kidole gumba kikaanza kuhesabu
pesa zisizokuwepo,
kikisugua cha shahada, kikisugua,
naye ananitazama kama mtu aliyesikia hodi
nyumba ya pili.

Watu walisema yao.
Yupo aliyetutajia mganga wa Konde,
yupo aliyesema ni jicho, halua yake ilikuwa ikiuzika mno.
Sikubishana. Nilifunga nauli kwenye pindo la kanga,
tukashuka Chake.

Dokta Rukia hakutuficha.
"Ndani ya kidonge hiki wamo wawili.
Mmoja ana mzigo wa kupeleka kichwani,
wa pili ni mlinzi, mzigo usiporwe njiani.
Yupo na wa tatu, wa kurefusha mwendo.
Huyo tumwite leo, au tumngoje?"

Mimi nikasema leo. Nani hungoja nyumba inaungua?
Faki akanyamaza. Siku hizo uso wake
ulishakuwa ukuta wenye chokaa mbichi.
Kisha, kwa ile sauti iliyobaki:
"Iliki, mwanangu, hutiwa mwisho.
Itie wanga haujaiva, harufu yote huondoka na mvuke,
na siku ukiitaka, huna.
Lakini chelewa sana, halua ishashikana, haipokei tena."

Daktari akaweka kalamu chini.
"Basi utaniambia wewe, mzee, sufuria limefika wapi."

Hatukujua kulitazama sufuria. Tukajifunza.
Mwaka wa kwanza kidonge kilimfikisha
mpaka mikononi mwa kidonge kingine.
Mwaka wa tatu kikaanza kumwacha njiani:
saa tatu na nusu nyayo zinanata sakafuni,
kizingiti cha choo kimekuwa mto,
na mimi upande wa pili naita, "Vuka, Faki, vuka,"
naye anatazama maji ambayo siyaoni.

Nikaongeza chaki. Nusu saa. Nusu saa. Saa nzima.
Tulipokaa tena mbele ya Rukia hakungoja kuulizwa.
"Sasa," akasema. "Tia iliki."

Harufu ilirudi.
Si yote.

Na samaki. Hilo ndilo lililoniuma.
Samaki na kidonge hugombea mlango mmoja,
na samaki ana mabega.
Basi changu na dagaa na maharage vikahamia usiku,
wakati dawa inazimika na vidole vinacheza ngoma yao.

Nyumba hii, mchambua miba ni yeye.
Tangu nilipokwamwa na mwiba, nina mimba ya Bizume,
sijala samaki ambaye mkono wake haukumtangulia.
Sasa mimi namchambulia yeye,
vibaya, kwa haraka,
naye anashukuru kama mgeni. Shukrani ile siipendi.

Jana, kabla sijaepua, nilisikia karatasi ya dawa ikilia chumbani.
Hakikuwa kidonge cha saa ile.
Akatoka, akakaa mkekani, akangoja,
nikadhani anavuta uradi.

Kisha akaivuta sahani yangu.
Kidole gumba kimya.
Mwiba mmoja mmoja akaupanga ukingoni,
wakubwa huku, wadogo huku, kama zamani.
"Kula."
"Na wewe?"
"Mimi wali na tui vinanitosha.
Samaki ataniharibia saa yangu."

Nikala.
Mmoja ulimponyoka, mwembamba kama unywele.
Niliusukuma kwa tonge la wali,
nikamwambia changu wa leo ni mtamu.